Ng'ombe Milioni Tisa

Saa mbili u nusu asubuhi, Corinne Lafleur aliusukuma mlango wa chumba cha seva kwa kiwiko, simu kaibana begani.

"Orval, bwana! Mashine imekufa au imesinzia? Kuna mfugaji anataka cheti, kompyuta yangu imeganda, na ng'ombe wake washapanda lori!"

"Programu inakagua rekodi," alijibu Orval Hnatiuk bila kugeuka.

Wiki iliyopita umeme ulikatika ghafla, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuapa kwamba rekodi za ofisi ile ya usajili wa mifugo, pale mjini Moose Jaw, zilikuwa nzima. Ofisi yenyewe ilikuwa ya watu wawili tu. Miaka sita walikuwa vyumba jirani, na maneno waliyowahi kuzungumza yangeenea nyuma ya bahasha.

"Ng'ombe milioni tisa," Orval alieleza. "Inasoma kila ukurasa, na kila ilichosoma inakishika kichwani ikilinganishe na kingine. Kumbukumbu yote ya seva imeishia tumboni mwake."

"Si uipimie? Na sisi wengine tuonje!"

"Nikiipimia, itakagua mpaka Alhamisi."

"Lafi kubwa!" Corinne alisonya, akaenda zake.

Saa tano alirudi na vikombe viwili vya kahawa.

"Bado?"

"Bado." Orval aliigeuza skrini ikatazama ukuta.

Corinne akavuta kiti. Alimsimulia jinsi mumewe wa zamani alivyoondoka na mashine ya kuzolea theluji, akamwachia theluji. Orval alicheka hadi kahawa ikamtokea puani. Naye akamwambia, kwa aibu, kwamba nyumbani anamlea bata bukini kiwete. Corinne alitaka kujua jina lake. Kisha alitaka kujua anakula nini.

Saa saba alikuja na pai.

"Bado inakula?"

"Inakula tu."

"Basi na sisi tule."

Ilipokaribia saa kumi na moja, Corinne akishika koti lake, dhamiri ilimzidi Orval.

"Corinne, nisamehe. Ukaguzi uliisha saa nne asubuhi. Hakuna kosa hata moja. Nimekudanganya kutwa nzima."

Corinne aliinama, akamfuta chembe ya pai kidevuni.

"Najua," alisema. "Kompyuta yangu ilizinduka saa nne na dakika mbili."