Taipureta ya Bi Mwasiti

Kompyuta ya chuo ilikuwa imesema kwamba insha ya Bi Mwasiti, mwanafunzi mzee kuliko wote, iliandikwa na akili mnemba, maana kurasa arobaini hazikuwa na kosa hata moja. Kamati ya wanafunzi, iliyokuwa ikitunga kanuni za kutumia mashine za namna hiyo chuoni, ndiyo ingeamua kama afukuzwe.

“Bibi, hata koma hukukosea?” aliuliza Lusajo, mwenyekiti.

“Nilikuwa karani wa kuchapa miaka thelathini na mitatu, mjukuu wangu. Bosi akiona kosa moja, unarudia ukurasa mzima.”

Ili kumjaribu, wakamtolea taipureta kuukuu stoo. Lusajo akamsomea gazeti mbio, kama anayefukuzwa na nyuki. Bi Mwasiti akachapa huku akiwatazama wao usoni, na kwa kelele zake inzi wote wa dirishani wakahama.

“Gazeti lenu limekosea mstari wa nne,” alisema. “Nimewarekebishia.”

Lusajo aliikagua karatasi asione kosa, kisha akachukua rasimu ya kanuni na kukifuta kifungu kilichosema neno la kompyuta ni la mwisho.

“Tuandike kingine.”

Bi Mwasiti akapachika karatasi nyeupe, akaweka vidole juu ya herufi.

“Haya, semeni.”

Wanakamati wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.