Kibuyu cha Jumamosi

“Pita mbele, Mama Athanasie,” Munyakazi alisema walipofika kwenye kijito.

“Hapana, Papa Kapita. Weye njo unajua njia.”

Njia Athanasie aliijua vizuri. Alizaliwa papo hapo Karuba, na maporomoko yale alikuwa akipanda kuyatazama tangu akiwa msichana. Alichotaka ni kubaki nyuma tu. Tangu watoke misa alikuwa akikitazama kisogo kinene cha mwanaume huyo, na chuki ilimkaba koo hata mate yalipita kwa shida.

Kisogo hicho alikiona pia mwaka jana, siku mume wake alipochukuliwa.

Kila Jumamosi, kila nyumba ya kilima ilipeleka kibuyu cha pombe ya ndizi mlangoni pa kapita, msimamizi aliyewekwa na Wazungu. Ulikiweka chini, ukaondoka. Munyakazi hakutoka hata kusalimu, na hakuna aliyeombwa aonje. Jumamosi moja mumewe, Mbonigaba, alilala na homa ya mapafu, ndizi hazikukamuliwa, kibuyu hakikwenda. Jumatatu kapita alikuja mwenyewe, akamtoa kitandani, akampeleka kuvunja mawe ya barabara mpya ya Wazungu. Mvua ilinyesha kutwa nzima. Jioni wenzake walimrudisha wamembeba, maiti.

Na sasa huyo huyo, aliyefiwa na mke na kubaki peke yake katika nyumba kubwa, alikuwa anamtaka mjane. Alimtaka pamoja na shamba lake. Alimwalika Jumapili hii waende kutembea, watazame maji yanavyoanguka, kama vijana wachumba. Athanasie alikubali. Majirani walishika vinywa, na mwanamke mmoja alitema mate chini alipomwona amevaa kitenge chake cha Pasaka.

“Nasikia kaka yako Sebahire alikuwa hapa,” Munyakazi alisema akihema. Kilima kilikuwa kimemshinda kidogo.

“Alikuya kunisalimia. Amesharudia kwa nyuki zake, kule Kibua.”

“Ulimwambia juu yangu?”

“Nilimwambia yote.”

Munyakazi alicheka kwa furaha. Masikio yake yalikuwa yamesikia yaliyotaka kusikia.

Walitokea juu kabisa, pale mto unapojitupa. Maji yalinguruma, mvuke ukawalowesha nyuso, na jiwe lote la ukingoni lilikuwa limevaa mwani wa utelezi. Munyakazi alisogea mpaka mwisho na kunyoosha mkono kuelekea bondeni.

“Ona! Musitu yote ile, mpaka Walikale!”

Mguu wake ukateleza.

Athanasie alijikuta ameshika koti lake. Uzito wote wa yule mtu ulikuwa kwenye vidole vyake, na chini yake kulikuwa na maji tu. Ilibaki kufungua mkono tu. Hakuna ambaye angeuliza, maana hata mbuzi walianguka pale. Alimkumbuka Mbonigaba akitafuta viatu vyake gizani, akikohoa, na vidole vikaanza kulegea vyenyewe.

Kisha akamvuta, kwa nguvu zake zote, mpaka wote wawili wakaanguka kwenye nyasi. Mtu yeyote anaweza kufa kwa kuteleza, na huyu hakustahili kifo cha mtu yeyote.

“Umeniokoa!” Munyakazi alisema, macho yamemtoka. “Sasa njo nimejua roho yako.”

“Unatetemeka, Papa Kapita. Kaa chini. Pumua.”

Alikaa. Baada ya muda rangi ilimrudia usoni, na majivuno yake nayo yakarudi. Alivua kibuyu kilichokuwa kikimning'inia begani tangu kanisani, akachomoa kizibo cha jani la mgomba, akatia mrija.

“Hii sigawiake mutu. Nilikuwa naichunga juu yako. Sikia harufu: iko asali ndani.” Akamnyooshea. “Kunywa.”

Athanasie alificha mikono yake ndani ya kitenge.

“Imetoka kwako?”

“Ndani ya nyumba yangu!”

“Basi weye njo utaonja kwanza. Kama ingekuwa pombe yangu, mimi njo ningeonja. Wazazi walitulea vile.”

“Unanizania mulozi?”

“Niko muke mujane, Papa Kapita. Naogopa kila kitu.”

Alicheka mpaka mashavu yakatikisika. Lakini desturi ni desturi, na hata yeye hangeweza kuibishia: mwenye pombe huonja mbele ya mgeni wake, ili mgeni ajue hakuna sumu. Na kwa kuwa alitaka kupendwa, hakuonja kwa ncha ya ulimi. Alifumba macho, akavuta mrija kwa muda mrefu, akajilamba midomo.

“Unaona? Tamu! Zamu yako.”

“Ongeza kidogo,” Athanasie alisema kwa upole. “Bado naogopa.”

Akaongeza. Athanasie alilitazama koo la kapita likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akahisi koo lake mwenyewe limefunguka. Alivuta pumzi ndefu ya hewa ya baridi. Alijisikia vizuri, na hakuona aibu.

“Maliza tu, Papa Kapita,” akamwambia. “Iko yako yote.”

Kibuyu ambacho Mbonigaba hakukipeleka, Athanasie alikuwa amekipeleka jana, Jumamosi, akakiweka chini mlangoni na kuondoka. Alikuwa amekitia asali ya kaka yake, ile ambayo hakuna mtu wa Kibua anayethubutu kuilamba.