Somo la Kazi

Bi Mwanaidi aliliegemeza daftari kwenye birika, nyuma ya simu, ili binti yake asilione. Kwa miezi miwili alikuwa akikaa dawati la mbele pale chuo kikuu, katikati ya vijana wanaomwita bibi, akijifunza Kitaliano cha wanaoanza. Binti huyo, Ruzuna, aliyeolewa Italia, hakujua. Leo mjukuu alikuwa ametimiza mwaka, na leo angesikia kwa lugha ya kwao sentensi iliyoandikwa daftarini: Sono la nonna. Mimi ni bibi yako.

"Shikamoo, mama!" Ruzuna alicheka kwenye kioo cha simu, mtoto mapajani.

"Marahaba, mwanangu."

Nyuma ya Ruzuna akapita mama mkwe wake, Mtaliano mwenye mvi, akauliza huyo ni nani. Ruzuna akamjibu bila kugeuka, "La cuoca."

Bi Mwanaidi hakuhitaji mkalimani. Lilikuwa somo la tatu, majina ya kazi: mwalimu, daktari, mpishi. La cuoca, mpishi.

"Anakusalimu, mama. Nimemwambia huyu ndiye aliyenizaa."

"Ahsante. Nami namsalimu."

Akachukua kalamu. Akalikata neno nonna kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, kwa mwandiko uleule ambao mwalimu wake aliusifu: cuoca. Kisha akaliinua daftari mbele ya simu.

Kicheko cha Ruzuna kikakatika. Nyuma yake mama mkwe alivaa miwani, akainama karibu, akaanza kulisoma kwa sauti lile neno lililokatwa.