Nyayo za Kanga

Consolée aliuteremsha mkeka kutoka ukutani, akaugeuza juu chini, akaunusa kama nyama asiyoiamini. Walikuwa katika karakana ya Bulaimu, mchonga vinu na viti karibu na soko la Kasongo, na mkeka ulikuwa umening'inizwa katikati ya ngoma. Hakuhitaji kuambiwa kitu. Zile nyayo za kanga, nyeusi juu ya ukindu wa manjano, zilikuwa za bibi yake mzaa mama.

"Huu umetoka wapi, papa?"

"Wasichana wanaleta," alijibu Bulaimu bila kuinua macho kutoka kwenye kinu chake. "Watu wanapenda sana hii motifu ya nyayo. Iko mingine ndani, mama."

Mingine! Consolée aliweka vidole vyake vinne juu ya upindo wa mkeka kuupima. Upindo wa kwao ulikuwa vidole vinne, tangu enzi za bibi. Huu ulikuwa viwili tu. Ndiyo ujanja wenyewe, aliwaza: mwizi kapunguza upindo ili watu wasijue ameiba kwa nani.

"Aimée," alisema.

"Mwingine nani?" alijibu mumewe François, aliyesimama mlangoni na baiskeli. "Yule mutoto alituuza, Mama Hervé. Mimi nilikuambia."

Nyayo za kanga hazikufundishwa ovyo. Mama alimpa binti yake. Asiye na binti alimpa mke wa mwanawe. Wanaume hawakuwamo hata katika hesabu. Consolée alikuwa na Hervé peke yake, kwa hiyo Hervé alipooa Aimée kutoka Kabambare, alimkalisha yule msichana karibu naye, akamshika mikono, akamfundisha kwa misimu miwili ya mvua. Alimpenda, tena sana. Ndiyo maana mikeka ilipoanza kuonekana sokoni aliumia kama aliyepigwa na mwanawe wa kumzaa.

"Mama, si mimi," Aimée alilia siku ile aliposhutumiwa, mtoto mgongoni. "Naapa kwa huyu mutoto."

Consolée alimfungulia mlango atoke. Aimée akapanda pikipiki, akarudi kwao. Sasa ilikuwa wiki ya tatu. Hervé hali, halali, na jana alikuwa amesema neno moja tu: "Mama, uniletee mutu mumoja aliyemuona akifundisha, mimi nitamuacha. Usipomupata kesho, naenda kumurudisha."

Kwa hiyo leo Alhamisi walikuwa wakizunguka karakana za mji mzima, na afadhali alikuwa na François. Tangu shimo la dhahabu la Lusangi limkate vidole viwili vya mkono wa kulia, mumewe aliachana na machimbo, akawa mtu wa nyumbani. Alikaa naye barazani mchana kutwa, yeye anasuka, mwenzake anapiga soga. Jumanne na Ijumaa ndizo alizokwenda Nyangwe kuvua, akarudi na visamaki vya kutia huruma huku akiulaumu mto. Majirani walimwonea wivu. Mume gani mwingine angemsukumia mkewe baiskeli kwenye jua lile?

Kwa Victorine mfinyanzi, nyuma ya shule ya kanisa, walikuta mikeka mitatu chini ya vyungu. Upindo ni uleule wa vidole viwili.

"Inatoka barabara ya Nyangwe," alisema Victorine. "Iko ateliye ya kusuka kule, nyumba ya bati mupya. Wanafundisha wasichana."

"Ile ya bati?" François alicheka kidogo. "Ile ni ya watu wa ngoma. Mama Hervé, angalia miguu yako inavyovimba. Twende nyumbani, tumwambie Hervé tumehakikisha, tumalize."

Consolée nusura akubali. Miguu ilimuuma kweli. Lakini kilio cha Aimée kilikuwa hakijamtoka masikioni, na alitaka jina la yule msichana litamkwe na mdomo mwingine, siyo wake, ili nafsi yake itulie.

"Kama umechoka, Papa Hervé, minaenda peke yangu."

François alimfuata, safari hii nyuma yake, baiskeli ikivutwa polepole. Walipofika kwenye lango la nyumba ya bati alisimama.

"Ingia wewe. Mimi nalinda kinga," alisema akiishika baiskeli, "wasiibe."

Ndani hapakuwa na ngoma hata moja. Wasichana sita walikaa chini, ukindu mapajani, na juu ya kila paja nyayo za kanga zilikuwa zikitembea. Consolée alijawa na hasira. Alifungua mdomo awapigie kelele, awaulize kama Aimée alikuwa amewalipa au walikuwa wamemlipa.

Ndipo alipoiona mikono yao.

Wote sita, katika mkono wa kulia, walikuwa wamekunja kidole kidogo pamoja na jirani yake, wakavibana kiganjani. Walisuka kwa vidole vitatu vilivyobaki.

"Kwa nini munakunja vidole?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

Msichana wa karibu alicheka kwa haya. "Ni vile Fundi anatuonyesha, mama. Tunafanya kama yeye." Kisha akalaza vidole viwili juu ya ukingo wa mkeka wake. "Na upindo tunapima hivi."

Akainua kichwa. Macho yake yalipita juu ya bega la Consolée hadi langoni, na uso wake ukang'aa.

"Fundi! Leo si Ijumaa! Karibu!"

Nje, François alikuwa amekwisha kuigeuza baiskeli.