Siku Kengele Zilipokuwa Roma

Hii nilisimuliwa na Perrine mwenyewe, mwaka aliomzika mumewe, tumekaa mlangoni kwangu tunachambua dengu.

"Umefungwa!" Anselme alisema, akausukuma tena mlango wa mnara wa kengele za kanisa kwa bega. Mlango wenyewe wa mwaloni, mnene kama godoro. Haukutikisika. "Hortense mshika funguo katufungia, mwanamke yule! Hajui kama tumo?"

"Labda kasahau," Perrine akajibu.

"Kasahau! Na treni ya jioni je, nayo itasahau?"

Habari ya treni hiyo mji mzima ulikuwa nayo. Binti yao Solange alikuwa anaondoka nayo kwenda kusini, kuolewa na fundi aliyekuja kutengeneza vioo vya madirisha ya kanisa kuu. Kijana mpole, mchapakazi, ila Mprotestanti. Na Anselme, mpiga kengele mwana wa mpiga kengele, alisimama kilabuni mbele ya wanaume wenzake akaapa: msichana akithubutu kupanda, atamshusha kwa nywele. Anselme akishasema neno mbele ya watu, hawezi tena kulimeza. Perrine alijua likitokea hilo, binti hatakanyaga tena nyumbani kwao.

Walikuwa wamepanda tangu mchana. Ijumaa Kuu, kengele zikiwa zimenyamaza mpaka Pasaka, ndiyo siku ya kuvipaka mafuta ya nguruwe vyuma vinavyozibeba. Treni ni ya jioni, Anselme alisema, muda upo. Perrine akasema mwaka huu atakwenda kumshikia taa. Anselme hakumkatalia.

Basi wakazipanda tena zile ngazi za mzunguko, kuta zinakuparuza mabega huku na huku, giza linanuka kinyesi cha njiwa. Wakatokea kwenye baraza ya juu, katikati ya minara miwili, penye majoka ya mawe yanayotema maji ya mvua. Anselme akainama, akaita. Upepo ukamrudishia sauti mdomoni. Chini, watoto walikuwa wanapita mitaani na vibao vyao, wakivigonganisha badala ya kengele kuwaita watu kwenye ibada. Nani angemsikia?

Kutoka pale stesheni inaonekana vizuri. Moshi ulikuwa umeshaanza kupanda.

"Yule pale," Perrine akasema kabla hajajizuia. Shali nyekundu ya Solange, imesimama peke yake.

Anselme akazunguka baraza yote kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Akaenda, akarudi. Kisha akaingia chumba cha kengele, akaifungua kamba ya ile kubwa.

Hapo moyo ukamtoka Perrine. Maana ni yeye aliyekwenda kwa Hortense siku ya Alhamisi, akamwomba: ukituona tumepanda, funga, na hata mimi mwenyewe nikigonga usifungue mpaka treni iende. Alifikiria kila kitu, kamba akaisahau. Ikilia kengele siku kama hiyo, mji mzima utakuja mbio, mlango utavunjwa, na stesheni si mbali.

Ilimbidi aseme kama mtu anayetaka kutoka. "Haya, piga basi."

"Nipige nini?"

"Kengele! Kwani umeshika mkia wa ng'ombe?"

"Kengele ziko Roma," Anselme akasema. "Zimekwenda jana kwa Baba Mtakatifu, zitarudi na Pasaka. Kila mtoto anajua."

"Baba Solange. Si hizi hapa, tumetoka kuzipaka mafuta sasa hivi?"

"Nimesema ziko Roma! Baba yangu hakuzipiga Ijumaa Kuu hata ghala la ngano lilipowaka moto. Leo nizipige mimi kwa ajili ya msichana asiyesikia? Watoto wakiniuliza zimerudi lini, nitawaambia nini?" Sauti ilimpasuka.

Lakini kamba hakuiachia. Perrine akasali Salamu Maria kimoyomoyo, akaikosea, akaanza upya.

Treni ikapiga honi. Shali nyekundu ikaingia behewani, moshi ukajikokota kuelekea kusini mpaka ukaisha. Anselme akaiachia kamba, akakaa juu ya ndoo ya mafuta, mgongo kwa mkewe, asionwe uso.

Hortense alikuja kufungua giza likianza, anajipiga kifua na kuomba radhi. Anselme akamtukana vizuri, kwa sauti, majirani wote wakasikia. Nyumbani hakugusa supu ya samaki wa chumvi. Alipanda kitandani na soksi zake, akageukia ukuta.

"Mji mzima utanicheka," akasema. Baada ya hapo akakoroma.

Perrine, roho inamsuta, akachukua mayai aliyoyaweka Kwaresima nzima, akavuka barabara kwenda kumshukuru Hortense. Hortense akakitazama kikapu, akamrudishia mikononi.

"Rudi nayo, dada. Siwezi kula asante mbili kwa mlango mmoja. Jumatano mumeo kaniletea sungura wa Pasaka, akaniambia maneno hayo hayo uliyoniambia wewe Alhamisi. Ila yeye alikuwa analia."

Perrine akarudi, akazima taa, akajilaza na nguo zake nyuma ya mgongo ule mpana, mkono wake juu yake, mpaka usingizi ukamchukua.