Hasara Ndogo

Siku hiyo mpumbavu hakutafutwa mbali: alikuwa Bingwa mwenyewe, kola ya shati imenyooka kama rula.

Mbele ya darasa la uchumi wa mazingira, alitia alama nyekundu kwenye ramani. "Jalala la jiji liwekwe hapa. Wakazi ni maskini. Wakiugua, hasara ni ndogo."

Mhadhiri akapiga makofi. Dada yake Bingwa, aliyekuja kumshangilia, akasimama.

"We Bingwa, hapo si kwetu?"

Bingwa akaitazama ramani. Mitaa aliipanga kwa kipato, majina hakuyasoma. Akailegeza kola.

"Dada, kaa basi. Hii ni hesabu tu."

"Haya, vua shati hilo, mdogo wangu. Aliyelipiga pasi ni mimi, hiyo hasara ndogo."