Mkono Nje ya Chandarua

Kila asubuhi Semboja alijipaka dawa aliyokuwa akiitafiti ya kufukuza mbu, akaingiza mkono kwenye kizimba cha maabara, na kila asubuhi mbu walimnyonya hadi wakashiba. Siku hiyo aliutazama mkono uliovimba, akagundua kuwa hauwashi tena, kama vile ni wa mtu mwingine. Akaaga, akaenda nyumbani kupumzika.

“Baba Zubeda, hao mbu waachie wenzako,” mkewe alimwambia, akimchomekea chandarua pande zote. “Wewe lala, hata wiki nzima. Utafiti haukimbii.”

“Laiti ungekimbia.”

Mkewe alipotoka, mbu mmoja alilia karibu na kitanda. Semboja aliinua upindo wa chandarua, akautoa mkono nje taratibu, akafumba macho, akiomba uwashe.